Baada ya Kamera Kuzimwa (2): Shirley Temple na Miaka Yake ya Ubalozi

Wiki iliyopita tulimwacha Jackie Coogan mahakamani mwaka 1938, akiwadai mama yake mzazi na baba yake wa kambo mamilioni aliyoyachuma akiwa mtoto. Aliambulia dola 126,000 hivi. Kelele za kesi ile ziliifanya California itunge sheria mwaka 1939, ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake, ili sehemu ya mapato ya mtoto wa sinema iwekwe akiba hadi atakapokuwa mtu mzima. Leo tunamgeukia binti ambaye sheria ile inatungwa alikuwa na miaka 11, hakuna mtoto duniani aliyemshinda kwa umaarufu, na fedha zake zikapotea vilevile.

Shirley Temple alizaliwa Santa Monica, California, tarehe 23 Aprili 1928. Kuanzia 1935 hadi 1938, miaka minne mfululizo, hakuna mwigizaji wa Hollywood, mkubwa wala mdogo, aliyewavuta watu wengi kuliko yeye kwenye majumba ya sinema. Kampuni ya Fox ilijua kuwa kinachouzwa ni utoto, na utoto una mwisho, kwa hiyo ikampunguzia mwaka mmoja. Cheti cha kuzaliwa kikasomeka 1929. Shirley mwenyewe aliujua ukweli siku aliyodhani anatimiza miaka 12, alipoambiwa nyumbani kwamba ametimiza 13.

Wakati huo mambo yalikwisha kugeuka. Filamu ya The Blue Bird ya mwaka 1940 haikurudisha gharama zake, mkataba na Fox ukafikia mwisho, na wazazi wakampeleka shule ya wasichana ya Westlake. Mpaka hapo alikuwa amesomeshwa na mwalimu wake mwenyewe ndani ya studio. Aliendelea kuigiza kwa kusuasua, akaolewa akiwa na miaka 17, akazaa binti, wakaachana. Desemba 1950, akiwa na miaka 22, aliolewa mara ya pili na Charles Black, na mwezi huohuo akatangaza kwamba sinema basi.

Mume huyo ndiye aliyekaa naye kupitia hesabu. Baba yake Shirley, George Temple, alikuwa karani wa benki aliyeacha kazi yake ili asimamie fedha za bintiye. Katika mapato yanayozidi dola milioni 3.2, walikuta zimebaki dola 44,000. Fungu lililopaswa kuwekwa akiba kwa jina la mtoto halikuwekwa. Nyingine zilikwenda kwenye matumizi ya nyumba kubwa, mishahara ya watumishi na uwekezaji ulioyeyuka.

Coogan alikimbilia mahakamani. Shirley alinyamaza, na akaendelea kunyamaza mpaka mwaka 1988, alipotoa kitabu cha maisha yake, wazazi wote wawili wakiwa wamekwisha kufa. Waandishi wengi wamemsifu kwa subira hiyo. Mimi naitazama kwa jicho la pili: Charles Black alikuwa mtoto wa mkuu wa Pacific Gas & Electric, moja ya kampuni kubwa za umeme na gesi nchini Marekani. Kumsamehe baba aliyekumaliza fedha ni jambo zito, lakini huwa jepesi kidogo kwa mtu ambaye kesho yake haina shida ya kodi ya nyumba. Coogan hakuwa na mkwe wa namna hiyo.

Kilichobaki mkononi mwake ni jina. Hilo baba yake hakuweza kulitumia likaisha, na ndilo mtaji alioanza nao safari ya pili. Mwaka 1967 kiti cha Bunge la Marekani kilikuwa wazi katika jimbo la San Mateo, kusini mwa San Francisco, naye akajitosa kupitia chama cha Republican. Alitaka vita vya Vietnam viendelezwe kwa nguvu zaidi. Mpinzani wake ndani ya chama, Pete McCloskey, alivipinga, naye alikuwa askari aliyepigana Korea. McCloskey akashinda. Jina lilikusanya watu, ila wengi walikuja kumtazama yule mtoto wa nywele za pete waliyemkumbuka, na kura wakampa mwingine. Nadhani kushindwa kule kulimfaa. Angeingia bungeni angekuwa mbunge mmoja kati ya mamia, mwenye sura ya kupigwa picha.

Mwaka uliofuata alikwenda Prague kwa shughuli nyingine kabisa. Kaka yake George alikuwa na ugonjwa wa multiple sclerosis, unaoharibu mishipa ya fahamu, na Shirley alikuwa miongoni mwa waliounda shirikisho la kimataifa la vyama vya wagonjwa hao. Agosti 1968 alifika Chekoslovakia kuishawishi nchi hiyo ijiunge, akitumaini kuonana na Alexander Dubček, kiongozi aliyekuwa akijaribu kuulegeza ukomunisti. Usiku wa kuamkia tarehe 21 vifaru vya Urusi na washirika wake vikaingia. Alikwama katika hoteli ya Alcron, hatua chache kutoka uwanja mkubwa wa mji, na alisimulia baadaye kwamba kutoka hotelini alimwona mwanamke akipigwa risasi barabarani. Aliondolewa kwa msafara wa magari hadi Ujerumani Magharibi. Dubček hakumwona.

Mwaka 1969 Rais Nixon alimteua katika ujumbe wa Marekani kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Ulikuwa uteuzi wa fadhila, maana alikuwa amekichangishia chama fedha nyingi, na wanadiplomasia waliopanda ngazi moja baada ya nyingine walikuwa na haki ya kununa. Lakini alisoma mafaili. Alishughulikia mambo ya wakimbizi na mazingira, na mwaka 1972 alikuwa katika uongozi wa ujumbe wa nchi yake kwenye mkutano wa Stockholm. Huo ndio mkutano uliozaa UNEP, shirika la mazingira ambalo makao yake makuu yamekuwa Nairobi tangu miaka hiyo.

Mwishoni mwa mwaka huohuo aligundua uvimbe kwenye titi. Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu naona alichokifanya hospitalini kina uzito kuliko filamu zake zote. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa hivi: mgonjwa alitia saini, akalazwa usingizi, daktari akakata kipande cha uvimbe na kukipeleka maabara mgonjwa akiwa bado mezani. Kikionekana ni saratani, titi liliondolewa palepale. Mwanamke aliamka akijipapasa kujua kama bado analo. Shirley alikataa. Alitaka kwanza kipimo, kisha aamke, aambiwe, aamue mwenyewe. Kipimo kilionyesha saratani, akakubali upasuaji, na akiwa bado kitandani akawaita waandishi wa habari na kuwaeleza, akiwahimiza wanawake wasikae nyumbani kwa woga. Mwaka 1972 magazeti mengi yaliona haya hata kuandika neno titi. Barua zilimiminika kwa makumi ya maelfu. Betty Ford, mke wa Rais Ford, ambaye hutajwa kuwa wa kwanza kulivunja ukimya huo, alifanyiwa upasuaji kama huo miaka miwili baadaye.

Mwaka 1974 Ford akamteua kuwa balozi wa Marekani nchini Ghana. Inasimuliwa kwamba Henry Kissinger, waziri wa mambo ya nje, alikuwa amemsikia kwenye hafla akizungumzia Namibia, akashangaa kwamba anaijua. Sina hakika kama kisa hicho kinamsifu Shirley au kinamwaibisha Kissinger. Desemba mwaka huo alifika Accra, mji uliokuwa chini ya wanajeshi. Ignatius Acheampong alikuwa ametwaa madaraka Januari 1972 na mara akatangaza kuwa baadhi ya madeni ya nje hayatalipwa. Marekani nayo ilikuwa na lake la kulinda: kiwanda cha alumini cha VALCO pale Tema, kilichoendeshwa na kampuni ya Kaiser kwa umeme wa bwawa la Akosombo. Balozi katika mji wa namna hiyo hashindi kwenye karamu. Anakaa na wanajeshi wasiomwamini, anawasikiliza wafanyabiashara wanaolalamika, halafu usiku anaandika taarifa kwa Washington, ambako huenda hakuna atakayeisoma.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 1976. Vita vya Angola vilikuwa vimeitenga Marekani na serikali nyingi za Afrika, na Kissinger akapanga ziara ya kusawazisha mambo. Aprili alipita Nairobi, kisha Dar es Salaam akaonana na Mwalimu Nyerere, kisha Lusaka, ambako alitoa hotuba ya kuunga mkono utawala wa walio wengi Rhodesia. Ghana nayo ilikuwa kwenye ratiba. Siku zikiwa zimebaki chache, Accra ikafuta mwaliko na kusema Acheampong anaumwa. Wachache waliamini maradhi hayo. Kwa balozi yeyote hiyo ni aibu mbele ya mkuu wake, na waliomwona Shirley kuwa balozi wa maonyesho walipata la kusema. Lakini pale Accra palikuwa na uamuzi wa kisiasa ambao hata balozi aliyekomaa kazini asingeuzuia, na Washington haikumhesabia kosa, kwa kuwa miezi michache baadaye ilimpandisha.

Cheo kipya kilikuwa cha Mkuu wa Itifaki, na mwanamke hakuwahi kukishika kabla yake. Mkuu wa Itifaki ndiye anayewapokea marais wa kigeni, anayepanga nani atatangulia na nani atakaa wapi, anayehakikisha balozi mpya anafika Ikulu na hati zake za utambulisho bila kujikwaa. Januari 1977 alikuwa miongoni mwa waliosimamia taratibu za kumwapisha Jimmy Carter wa chama cha Democratic, mtu aliyemshinda bosi wake. Sherehe ilipopita, naye akaondoka.

Chini ya Reagan hakupewa kituo. Alifundisha kwenye semina za mabalozi wapya wa Wizara ya Mambo ya Nje, wengi wao wakiwa watu wa kuteuliwa kisiasa kama alivyokuwa yeye mwaka 1974. Mwalimu wa kuwafaa zaidi ya huyo angetoka wapi?

Agosti 1989, akiwa na miaka 61, alirudi Prague, safari hii kama balozi wa Rais George Bush mkubwa. Alimkabidhi hati zake Gustáv Husák, mtu aliyeshika nchi baada ya uvamizi ule wa 1968. Kulikuwa na kichekesho ambacho wenyeji hawakukosa kukiona: herufi za mwanzo za jina lake la ndoa, STB, ndizo herufi za polisi wa siri wa nchi ile. Tarehe 17 Novemba wanafunzi waliandamana na kupigwa. Wiki sita baadaye chama cha kikomunisti kilikuwa hakina tena nchi, katika yale waliyoyaita mapinduzi ya mahameli kwa kuwa hayakumwaga damu. Dubček, yule aliyekosa kumwona miaka 21 iliyopita, akawa spika wa bunge. Václav Havel, aliyekuwa mfungwa mapema mwaka huohuo, akawa rais. Kazi ya ubalozi ikabadilika kutoka kuwasikiliza wapinzani hadi kufanya kazi na serikali yao. Novemba 1990 Bush alitua Prague, na hakuna rais wa Marekani aliyewahi kufika huko kabla yake akiwa madarakani. Shirley aliondoka mwaka 1992, miezi michache kabla nchi yenyewe haijagawanyika mara mbili.

Alifariki nyumbani kwake Woodside, California, tarehe 10 Februari 2014, akiwa na miaka 85. Magazeti ya dunia yalitoa picha ya mtoto wa miaka sita. Ghana na Prague zilipata aya mbili tatu kuelekea mwisho wa habari. Kwa kiasi fulani alijitakia mwenyewe: kile kitabu cha 1988 kina kurasa zaidi ya mia tano, na kinaishia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Juzuu ya pili, ambayo ingebeba Accra na Prague, haikutoka. Anayetaka kumjua balozi itabidi akachimbue nyaraka za wizara.

Wiki ijayo: Sabu, mtoto wa mtunza tembo wa Mysore.