Uchovu wa Mgonjwa wa Moyo Si Uvivu

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza juu ya uchovu wa mgonjwa wa moyo.

Wewe unayeishi Gitega, wilayani Nyarugenge, unavijua vilima vyetu. Mama aliyezoea kupanda na jerikani ya maji bila kusimama, siku hizi anapumzika mara tatu njiani. Nyumbani wanasema amekuwa mvivu. Wengine wanasema amerogwa. Huenda moyo wake ndio unaoshindwa kazi.

Moyo dhaifu haujasimama. Unapiga, ila hausukumi damu ya kutosha. Ukiwa umekaa, damu inatosha. Ukipanda kilima, misuli ya miguu inadai damu zaidi, na moyo hauwezi kuongeza. Miguu inaisha nguvu, pumzi inakatika. Si ugonjwa wa wazee peke yao. Unaweza kuletwa na presha ya muda mrefu, na homa ya baridi yabisi inayofuata maumivu ya koo utotoni, au ukampata mama aliyetoka kujifungua.

Wengi humlaza mgonjwa kitandani siku nzima. Lakini misuli isiyotumika husinyaa, na uchovu unazidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wa wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa, ulionyesha kwamba mazoezi ya kupangwa ni salama kwa mgonjwa aliyetulia na anayetumia dawa.

Basi ufanye nini? Muone daktari kwanza. Akikuruhusu, tembea dakika 5 hadi 10 kila siku mahali tambarare, kisha ongeza polepole. Tembea huku ukiweza kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi, simama upumzike. Punguza chumvi. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu.

Miguu ikivimba, uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, au ukishindwa kulala bila kuinua kichwa kwa mito mingi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na kadi yako ya mituweli. Ukizimia, kifua kikibana, au ukikosa pumzi hata ukiwa umekaa, usingoje asubuhi: hapa Rwanda piga 912, gari la wagonjwa lije.

Na wewe unayeishi naye, mbebee jerikani. Jioni mwambie, "Mama, twende tutembee kidogo."