Kuzuia vita si kazi ya wizara moja



Vita vikiwaka, kiwanda hufungwa na shamba huota majani. Mshahara wetu ndio hukatika kwanza. Kwa hiyo yatupasa tuelewe jinsi serikali zinavyotoa fedha za kuzuia vita.

Tutazame jimbo la Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji. Mapema mwaka 2017 wachimbaji wadogo wa rubi walifukuzwa huko Montepuez. Vijana wengi hawakuwa na kazi. Utajiri wa gesi waliusikia tu. Wahubiri wa chuki wakapata wafuasi. Oktoba mwaka huo huo watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia. Machi 2021 waliingia Palma, wakaua wenyeji na wafanyakazi. Mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ilisimamisha mradi wake wa gesi wa dola bilioni 20, na wajenzi wakabaki bila kazi.

Desemba 2019 Marekani ilitunga sheria ya kuzuia vita katika nchi zenye misukosuko. Iliruhusu hadi dola milioni 200 kwa mwaka, kwa miaka 5. Tena iliagiza Wizara ya Mambo ya Nje, Wizara ya Ulinzi na shirika la misaada la USAID wapange pamoja, mpango mmoja wa miaka 10 kwa kila nchi. Shabaha ilikuwa nzuri: asiwepo mmoja anayeleta bunduki na mwingine anayeleta mbegu, bila kujuana.

Lakini Msumbiji ilichaguliwa mwaka 2022, miaka karibu 5 baada ya risasi ya kwanza. Huko si kuzuia moto, ni kuuzima. Na Julai 2025 USAID ilifungwa. Chungu hakikai juu ya mafiga mawili.

Tunajifunza nini? Fedha za mgeni huja kwa hiari yake na huondoka kwa hiari yake. Basi tuziulize serikali zetu wenyewe: katika bajeti, fedha za kazi kwa vijana na za kumaliza ugomvi wa ardhi ziko wapi? Wizara za Kazi, Ardhi na Mambo ya Ndani hukutana lini? Na chama cha wafanyakazi kiwepo mezani, maana manung'uniko husikika kwanza kiwandani na shambani, kabla hayajafika ofisini.