Kozi Kwanza, Jina la Chuo Baadaye

Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, nyumba nyingi nchini Tanzania huuliza swali moja: mtoto anaenda chuo gani? Mjadala wote huelemea ukubwa wa jina, ilhali kinachoamua zaidi maisha ya mhitimu ni kozi aliyosoma na namna alivyofundishwa. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, lakini haikuishia hapo: ilizuia pia kozi 75 katika vyuo vingine vilivyoruhusiwa kuendelea. Chuo kinaweza kuwa kizima, na kozi yake mojawapo ikawa mahututi.

Kwa hiyo kozi ichunguzwe yenyewe. Anayetaka udaktari atazame hospitali atakayojifunzia, kama ilivyo Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi au Bugando jijini Mwanza. Anayetaka kilimo aulizie mashamba na maabara. Wa uhandisi aulizie karakana, na kama Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaitambua shahada hiyo. Ahesabu pia safari nzima: daktari husoma miaka 5, kisha hufanya utarajali wa mwaka 1, na anayetaka uwakili hupitia mafunzo ya sheria kwa vitendo baada ya shahada.

Wapo watakaosema waajiri hutazama jina. Ni kweli, jina laweza kumfikisha mtu kwenye usaili, lakini hakuna jina linalomruhusu kutibu wagonjwa bila kusajiliwa na Baraza la Madaktari. Wengine watasema mtoto wa maskini hachagui, huenda kokote mkopo utakakompeleka. Hoja hiyo ni nzito, ila ndiyo inayozidisha haja ya kuchunguza. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe, na asiye na akiba ndiye atakayeumia zaidi akilipia shahada isiyomsaidia.

Mwongozo wa udahili wa TCU huonyesha sifa za kujiunga na kila kozi. Mengine waulizwe wanafunzi wa mwaka wa mwisho: wahadhiri wanaingia darasani? Vifaa vinafanya kazi? Mafunzo kwa vitendo wanapelekwa wapi? Mzazi anayemsaidia mwanawe kupata majibu hayo amemfaa kuliko anayemtafutia chuo cha kujivunia mtaani.