Je, Wajua? Mita 3 Ni Chini ya Sekunde Moja

Je, wajua kwamba fundi akiteleza kwenye paa lenye kimo cha mita 3, hugonga chini kabla sekunde moja haijaisha, kwa mwendo wa takriban kilomita 28 kwa saa? Hawahi hata kudaka ubao.

Katika kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba, Tanzania, hatari haiishii pale alipoangukia. Kisiwa kimezungukwa na Ziwa Victoria, hivyo aliyeumia uti wa mgongo lazima avushwe maji ndipo aifikie hospitali ya bara. Usimnyanyue kwa makwapa. Tuliza kichwa na shingo, mlaze juu ya ubao mpana, mfunge asitikisike, ndipo abebwe na watu kadhaa.

Ngazi nayo ina kipimo chake: kila mita 4 za kwenda juu, kitako kikae mita 1 kutoka ukutani. Jukwaa la mirunda lifungwe kwenye jengo, na mbao zake zisiache mianya. Bati lililolowa umande lisubiriwe likauke. Haraka ya bosi si sababu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, huchangiwa na mwajiri peke yake. Mshahara wako haukatwi hata senti. Saidia fundi, kabla hujapanda, uliza kama mwajiri wako amesajiliwa kwenye mfuko huo.