Kibali Kwanza, Jembe Baadaye: Ujenzi wa Banda na Jiko la Nje Kwenye Mteremko

Katika kata nyingi za Milima ya Usambara wilayani Lushoto, kiwanja tambarare ni nadra kupatikana. Nyumba kubwa hujengwa kwenye sehemu iliyosawazishwa, na familia inapoongezeka, jiko la nje, stoo, choo au banda la ng'ombe hutafutiwa nafasi kwenye mteremko uliobaki. Kwa kuwa jengo ni dogo, wakazi wengi hudhani kwamba halihitaji kibali. Dhana hiyo si sahihi, na kwenye mteremko madhara yake humfikia hata jirani asiyehusika na ujenzi huo.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango miji bila kibali cha mamlaka ya upangaji. Kuendeleza ardhi si kuinua kuta peke yake. Kazi za kihandisi za kuchimba na kubadili umbo la ardhi nazo zimo. Hivyo, anayekata mlima ili kupata uwanja wa banda ameshaanza kuendeleza ardhi, hata kama hajanunua tofali hata moja.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 nayo inaitambua ardhi hatarishi, yaani ardhi ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha au kuharibu mazingira. Miongoni mwake ni ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na miteremko inayozidi kipimo kitakachowekwa na Waziri kwa ushauri wa kitaalamu. Kwa ardhi ya kijiji, mwananchi anapaswa kuanzia kwenye Halmashauri ya Kijiji chake ili kujua kama eneo analolikusudia limetengwa kwa makazi.

Kwa nini jengo dogo lina uzito

Udongo unaoondolewa nyuma ya jiko ndio uliokuwa ukishikilia kiwanja cha jirani wa juu. Ukingo ukikatwa wima na kuachwa wazi, mvua ya masika huulowesha, udongo huwa mzito, na huweza kuporomoka pamoja na kilicho juu yake. Udongo huohuo ukimwagwa upande wa chini na kujengewa kabla ya kushindiliwa, hutitia. Banda lenye nusu ya msingi kwenye ardhi asilia na nusu kwenye kifusi hupasuka katikati.

Maji ni suala la pili. Paa la mita 4 kwa mita 5 likipata mvua ya milimita 50 hukusanya lita 1,000, sawa na mapipa matano ya lita 200. Maji hayo yasipokingwa kwa mifereji na kuelekezwa kwenye tangi au mtaro, huishia ukutani kwa jirani wa chini.

Kwa sababu hizo, mkaguzi anapofika kiwanjani huangalia mambo manne: urefu wa ukingo utakaokatwa, ukuta wa mawe wa kuzuia udongo na matundu yake ya kupitishia maji, msingi wa ngazi unaofuata mteremko, na njia ya maji ya mvua. Kwa choo, huangalia pia kwamba shimo lipo mbali na chini ya chemchemi au kisima, wala si juu yake.

Utaratibu wa kuomba

Mwombaji huanzia kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, akiwa na uthibitisho wa umiliki wa ardhi na mchoro wa jengo unaoonyesha mipaka ya kiwanja, majengo yaliyopo na uelekeo wa mteremko. Maombi huwasilishwa Halmashauri, ambako wataalamu wa ardhi, ujenzi, afya na mazingira huyapitia na kukagua eneo. Ujenzi huanza baada ya kibali kutolewa kwa maandishi, na masharti yaliyomo humfunga mwenye jengo pamoja na fundi wake. Anayejenga bila kibali anaweza kuamriwa kusimamisha kazi au kubomoa kwa gharama zake mwenyewe.

Kwa majengo yaliyokwisha kujengwa

Wenye mabanda na majiko yaliyo chini ya kingo zilizokatwa wanashauriwa kuzikagua kabla ya kila msimu wa mvua. Nyufa kwenye ardhi ya juu, miti inayoanza kuinama na maji ya matope yanayochuruzika ukingoni ni dalili za hatari. Zinapoonekana, watu watoke kwenye jengo hilo, mifugo ihamishwe, na Mtendaji ataarifiwe mara moja. Ukingo ambao bado ni imara unaweza kulindwa kwa kuchimba mtaro wa kukinga maji upande wa juu na kupanda majani ya Guatemala au matete, ambayo wakulima wa Usambara huyatumia kushikilia kingo za matuta ya mashamba yao.

Uchimbaji kwenye mteremko hufaa kufanyika wakati wa kiangazi, ili ukuta wa kuzuia udongo ukamilike na kukomaa kabla ya mvua. Kwa anayekusudia kujenga kabla ya vuli, ambayo huanza Oktoba, ni vema maombi yafikishwe mapema, wakati bado kuna nafasi ya ukaguzi na ya kurekebisha mchoro. Kurekebisha mstari kwenye karatasi ni rahisi. Ukingo uliokwisha kuporomoka haurudishwi.