Mifi na ruta ya nyumbani zikigombana, bando ndilo linaloumia

Ukivuka maji kutoka Shimoni hadi Mkwiro, upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, hutakuta gari hata moja. Fundi wa intaneti naye, ukimwita kutoka bara, utamlipia na boti ya kwenda na kurudi. Kwa hivyo kama nyumbani una ruta kubwa na mifi ya akiba, ni heri ujue kuvitibu mwenyewe vikianza kukorofishana.

Kuwa na vyote viwili si maringo. Ruta ya setilaiti, kama zile za Starlink zilizoingia Kenya mwaka wa 2023, inakula umeme. Antena yake ya kawaida humeza kati ya wati 50 na 100, na nyumba ya sola inalisikia hilo usiku. Mifi hutumia wati chache na ina betri yake. Basi mchana ruta, usiku mifi. Mpango safi kabisa, hadi siku vyote viwili viwake pamoja na siku hiyo iwe ndiyo ya mwisho ya kutuma fomu ya HELB. Simu inaonyesha wifi imejaa, lakini ukurasa unazunguka tu.

Usianze kubonyeza ovyo. Zima ruta kubwa, acha mifi peke yake, kisha keti karibu nayo. Intaneti ikija vizuri, mifi ni nzima na ugomvi uko kati ya vifaa hivyo viwili. Isipokuja, toa laini, itie kwenye simu, zima wifi na ujaribu tena. Simu ikikwama pia, angalia salio la bando au hali ya mnara. Simu ikipata, mgonjwa ni mifi yenyewe, na mara nyingi ni APN iliyofutika baada ya kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani. Kwa laini ya Safaricom, mathalan, APN huandikwa safaricom, basi.

Sisi wa pwani ya kusini tuna jambo letu jingine. Mpaka wa Tanzania uko karibu, na mifi iliyoachwa ijichagulie mtandao inaweza kushika mnara wa ng'ambo. Kenya, Uganda na Rwanda zilipopunguziana gharama za rominga mwaka wa 2014, Tanzania haikuwemo. Ingia kwenye mipangilio ya mifi uzime data ya rominga, na mtandao uuchague kwa mkono.

Sasa tuseme kila kifaa kikiwa peke yake kinafanya kazi. Angalia majina. Kuna watu hupea ruta na mifi jina moja na paswadi moja, ati simu isisumbuke. Simu haisumbuki kweli, inaruka tu huku na huku bila kukuambia. Wewe unadhani uko kwenye ruta isiyo na kikomo, kumbe picha zako zote zinapandishwa mtandaoni kwa bando la mifi, na kompyuta ya ndugu yako inajipakulia masasisho ya Windows. Asubuhi bando limekauka na kila mtu anaapa hakutazama video.

Vipe majina tofauti yanayoeleweka, kama Ruta-Nyumbani na Mifi-Bando. Kisha kwenye kila simu na kompyuta fanya mambo mawili: zima kujiunga kiotomatiki na mifi, na ukiwa umeunganishwa nayo, fungua mipangilio ya wifi hiyo uweke kwamba ni mtandao wenye kipimo. Hapo programu nyingi zitangoja ruta ndipo zipakue vitu vizito. Kwangu mimi hii ndiyo dawa inayookoa pesa nyingi kuliko zote, na haimalizi dakika tano.

Kuna na masafa. Usiweke mifi juu ya ruta kama sahani juu ya sufuria. Kwenye masafa ya 2.4 GHz, chaneli zisizopandana ni 1, 6 na 11, kwa hivyo ruta ikiwa 1, mifi ipe 11. Ile 5 GHz ina kasi lakini kuta nene za mawe ya matumbawe huimaliza nguvu. Mifi ipeleke dirishani, upande unaoelekea mnara.

Ukitaka kubadilisha hayo yote, ujue uko kwenye wifi ya nani. Mifi nyingi za Huawei hufunguka kwa 192.168.8.1, na ruta nyingi kwa 192.168.1.1. Ukiandika anwani ya mifi ukiwa umeunganishwa na ruta, hutaona kitu, na utadhani imekufa. Na kama umeziunganisha zenyewe kwa zenyewe huku zote zina anwani moja, badilisha ya mifi iwe 192.168.9.1 kisha uiwashe upya.

La mwisho ni betri. Mifi inayokaa kwenye chaja mchana kutwa chini ya bati la moto huvimba. Ukiona kifuniko cha nyuma kimeinuka, chomoa chaja, usiiboboe wala kuibana irudi, na usiitumie tena hadi upate betri mpya.