Je, Wajua? Vyama vya Kenya na Uchovu wa Mpiga Kura

Uchaguzi mkuu wa Kenya umepangwa kufanyika Jumanne, 10 Agosti 2027. Panda matatu au kaa kwenye kibanda cha chai, hutakosa kusikia mtu akisema, "Hawa wote ni wale wale." Anayesema hivyo huitwa mvivu, asiyeipenda nchi yake. Mimi naamini ametazama kwa muda mrefu na anayo kumbukumbu. Tazama naye.

Je, wajua kwamba tangu 2002 kila mshindi wa urais amekuja na chama kipya?

Mwai Kibaki aliingia Ikulu mwaka 2002 kwa tiketi ya NARC, muungano ulioing'oa KANU baada ya karibu miaka 40. Aliporudi kuomba kura 2007, NARC ilikuwa imesambaratika, akagombea kwa PNU, iliyoundwa Septemba mwaka huo huo, miezi mitatu tu kabla ya siku ya kura. Uhuru Kenyatta alishinda 2013 kwa TNA, ndani ya muungano wa Jubilee. Mwaka 2016 TNA na mshirika wake URP zikavunjwa, zikamezwa na Chama cha Jubilee, na hicho ndicho kilichomrudisha madarakani 2017. William Ruto akaja 2022 na UDA, chama ambacho kabla ya kubadilishwa jina kiliitwa PDR. Chaguzi tano, vyama vitano. Jubilee ilitoka 2017 na wabunge 171 katika Bunge la Taifa. 2022 ikabaki na 28. Sasa mwananchi anayetaka kuuliza kuhusu ahadi alizopewa 2013 abishe mlango upi? Chama kilichoziandika hakipo.

Je, wajua jina la ODM (Orange Democratic Movement) lilitoka kwenye tunda?

Katika kura ya maoni ya 21 Novemba 2005, waliounga mkono rasimu ya katiba walipewa alama ya ndizi, na waliopinga wakapewa chungwa. Chungwa likashinda kwa takriban asilimia 58, na kutoka hapo kikazaliwa chama kilichodumu kuliko wenzake wengi. Lakini hata mwanachama wa ODM ana machungu yake. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, chama kiliingia serikali ya mseto, iliyoitwa ya nusu mkate. Tarehe 9 Machi 2018 kiongozi wake wa wakati huo, Raila Odinga, alipeana mkono na Rais Kenyatta kwenye ngazi za Harambee House, miezi michache tu baada ya wafuasi wake kuzikana kufuatia uchaguzi wa 2017. Kisha ikaja 2024. Vijana waliojaza barabara kupinga Mswada wa Fedha walisema wazi kwamba hawana kabila, hawana kiongozi na hawana chama. Tarehe 25 Juni waliingia Bungeni, na wengine hawakurudi nyumbani. Julai Rais Ruto alivunja baraza la mawaziri, na kabla mwezi haujaisha wakuu wa ODM walikuwa wameteuliwa kuwa mawaziri. Machi 2025 ODM na UDA zikatia saini makubaliano rasmi. Waliozika watoto wao hawakuulizwa.

Je, wajua kwamba mwaka 2022 waliokaa nyumbani walikuwa wengi kuliko waliomchagua rais?

Sajili ilikuwa na wapiga kura 22,120,458. Ruto alipata kura 7,176,141. Waliojiandikisha na wasifike kituoni walikuwa takriban milioni 7.8. Waliopiga kura walikuwa karibu asilimia 65 ya waliosajiliwa. Dalili zilionekana mapema: mwishoni mwa 2021 tume ya uchaguzi ililenga kusajili wapya milioni 6 kwa siku 30, wakajitokeza kama milioni 1.5. Na ukienda kituoni ukaiharibu karatasi kwa hasira, hasira hiyo haiingii kwenye hesabu ya asilimia. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 2013.

Je, wajua Katiba inakuruhusu kumwondoa mbunge wako kabla ya muda wake kuisha?

Ibara ya 104 yasema hivyo. Lakini vifungu vya Sheria ya Uchaguzi vilivyoeleza namna ya kufanya hivyo vilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2017, na Bunge halikuharakisha kutunga vingine. Haki ipo, njia hakuna.

Je, wajua kwamba Wakenya waliwahi kuchagua kwa kusimama foleni, na hasira yao ndiyo iliyoivunja foleni hiyo?

Mwaka 1988 chama kilikuwa kimoja kisheria, KANU, tangu kifungu cha 2A kilipoingizwa kwenye Katiba mwaka 1982. Katika mchujo, mpiga kura hakupewa karatasi wala debe. Alisimama uwanjani nyuma ya wakala aliyeinua picha ya mgombea, kisha watu wakahesabiwa. Mlolongo, ndivyo ulivyoitwa, na wazee wakilitamka neno hilo hadi leo sauti hubadilika. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa, na kura ya siri haikufika eneo lake.

Hebu jiweke pale uwanjani. Kando amesimama chifu, ambaye kesho utamwendea akusaidie mwanao apate kitambulisho. Mwenye duka anayekukopesha sukari na mafuta ya taa yuko kwenye mstari wa pili, anakutazama. Utasimama wapi? Viongozi wa makanisa walilalamika tangu 1986, mpango ulipotangazwa: mchungaji hawezi kusimama nyuma ya picha ya mmoja, kisha Jumapili akawahubiria waumini wa mistari yote miwili. Na siku ilipofika, kuna mahali watu waliona kwa macho yao mstari mfupi ukitangazwa kuwa mrefu.

Desemba 1988 Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri kwa kuchukizwa na uchaguzi wa chama huko Murang'a. Mwaka 1990 KANU ikaunda kamati chini ya Makamu wa Rais George Saitoti izunguke nchini ikusanye maoni, na watu wakasema mengi kuliko chama kilivyotarajia. Desemba mwaka huo wajumbe wa KANU waliokutana Kasarani wakaufuta mlolongo pamoja na ile asilimia 70. Mwaka mmoja baadaye kifungu cha 2A nacho kikaondolewa. Nawaambia haya hasa vijana wanaodhani kulalamika hakujawahi kubadili chochote nchini.

Je, wajua unaweza kuwa mwanachama wa chama bila kujua?

Ili kisajiliwe kikamilifu, chama huhitaji wanachama 1,000 katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 au zaidi. Juni 2021, Msajili wa Vyama alipowawezesha watu kujikagua mtandaoni, Wakenya wengi walijikuta kwenye vyama wasivyovijua.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Jioni moja nikiwa saiba niliingiza nambari ya kitambulisho, yakatokea majina yangu matatu, na pembeni chama ambacho sijawahi kuhudhuria mkutano wake wala kushika kadi yake. Mkono wangu ulitetemeka kwa hasira. Jambo hili si dogo: anayeomba kazi ya muda ya tume ya uchaguzi hatakiwi kuwa mwanachama, na anayetaka kugombea bila chama lazima awe amekaa nje ya vyama kwa angalau miezi mitatu kabla ya kura. Kijana wa saiba alinichapia barua ya kujiuzulu, nikatia saini kwamba naondoka mahali ambapo sikuwahi kuingia.

Wiki ile nilimkagulia mama. Yeye alikuwa ameandikwa kwenye chama kingine kabisa. Aliketi kitandani akajaribu kukumbuka ni wapi alikotoa nambari yake, na hakukumbuka ila kitabu kimoja tu: daftari la mlinzi kwenye lango la jengo la mjini, alipokwenda kupimwa macho.